Mafuta yaliyong'ang'ania: kisa cha Canter iliyopona kila ilipolazwa kabini

Gari ni Mitsubishi Fuso Canter ya miaka ya 1990, injini ya 4D33, dizeli ya silinda 4 isiyo na tabo (turbo), cc 4,214. Kazi yake ni kubeba viazi na kabichi kutoka Lukozi, wilayani Lushoto, kushuka Soni hadi Mombo, kisha kushika barabara kuu kwenda Dar es Salaam. Lalamiko la dereva lilikuwa fupi. Akipanda mlima mrefu amekandamiza mafuta hadi mwisho, akifika juu na kunyanyua mguu, injini haishuki. Inaendelea kunguruma vilevile. Akiigonga pedeli kwa ncha ya kiatu mara mbili tatu, ghafla injini inarudi sailensa, yaani mzunguko wake wa chini kabisa, na safari inaendelea bila dalili yoyote mpaka mlima unaofuata.

Anayeijua milima ya Usambara ataona mara moja hatari iko wapi. Mombo iko chini, yapata mita 400 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400, na barabara kati yao ni kona juu ya kona. Ng'ambo ya Lushoto, kuelekea Lukozi, unapanda na kushuka tena na tena. Tatizo hili halikuwa linatokea popote tu. Lilikuwa linasubiri kilele, pale ambapo hatua inayofuata ni mteremko, na gari lina mzigo wa lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kiasi, mgongoni. Injini inayosukuma wakati ambapo inatakiwa kuzuia ni jambo la kupoteza watu.

Gari lilipofika kwangu lilikuwa limeshapita kwenye gereji mbili. Ya kwanza iliondoa kapeti la sakafuni, jambo zuri la kuanza nalo na lisilogharimu kitu. Mwaka 2009 Toyota iliyaita magari milioni kadhaa nchini Marekani yarudi kurekebishwa kwa sababu kapeti lingeweza kuinasa pedeli, kwa hiyo asidhani mtu kwamba kapeti ni jambo dogo. Hapa halikuwa lenyewe. Gereji ileile ikabadilisha springi ya kurudishia mkono wa pampu ya dizeli, ikaweka nene zaidi. Gari likatulia kwa muda, kisha tatizo likarudi na makali zaidi. Ya pili ililaza kabini, yaani iliiinamisha mbele ili injini ionekane, ikachezesha kebo ya mafuta itokayo kwenye pedeli kwa mkono, ikaona inateleza vizuri, ikahitimisha kuwa ugonjwa uko ndani ya injekta pampu, ile inayoipelekea injini dizeli. Ushauri ukawa pampu ishushwe, ipelekwe kupimwa, na ikishindikana inunuliwe nyingine.

Mwenye gari, mama anayefanya biashara ya mboga kwa miaka mingi, aliniambia hivi: "Fundi, mimi siogopi kununua pampu kama ndiyo tatizo. Naogopa niinunue, halafu huyu kijana akanifie mlimani."

Nilikaa na dereva kwanza, kabla ya kushika spana. Katika tatizo linalokuja na kuondoka, dereva ndiye aliyekuwepo lilipotokea, na mara nyingi anajua zaidi ya anavyodhani anajua. Nikamuuliza: injini ikigoma kushuka, pedeli yenyewe iko wapi, juu au chini? Akasema, "Juu, mzee. Mguu wangu unaifuata, yenyewe imeshapanda." Nikamuuliza tena kama aliwahi kujaribu breki ya ekzosti, ile inayoziba njia ya moshi ili injini izuie gari, wakati ule. Akasema ndiyo, na gari lilikohoa na kutetemeka, moshi mwingi ukatoka.

Jibu hilo la pili lilinifurahisha sana. Kwenye gari hili breki ya ekzosti inapitia swichi iliyo kwenye pedeli ya mafuta: ukikanyaga mafuta, breki ya ekzosti inajitoa, ukiachia, inaingia. Ikiwa breki iliingia huku injini ikiendelea kuchoma dizeli nyingi, basi swichi iliiona pedeli ikiwa juu, wakati pampu bado ilikuwa inaamini kwamba imekanyagwa. Pedeli na pampu zilikuwa hazikubaliani. Kwa hiyo kapeti, bawaba ya pedeli na springi ya pedeli vyote vilikuwa nje ya kesi, na hatukuwa tumefungua hata nati moja.

Jambo lingine nililotaka kulijua ni kama ukizima swichi ya ufunguo injini inazimika. Inazimika papo hapo, alisema. Hili lazima liulizwe kwenye dizeli yoyote inayonguruma bila kukanyagwa, kwa sababu kuna ugonjwa mwingine unaofanana nao kwa sauti tu. Injini inaweza kuanza kuchoma oili yake yenyewe, inayoingia kupitia tabo iliyokufa au bomba la kupumulia, na hapo ukizima swichi haijali. Dawa yake ni kuinyima hewa. Yetu ilitii swichi, tena haikuwa na tabo. Mafuta yaliyokuwa yanaiendesha yalitoka kwenye pampu, na pampu ilikuwa inatekeleza agizo la mkono wake. Swali likabaki moja: nani ameushikilia ule mkono?

Kuna vitu vitatu vinavyoweza kuushikilia. Wa kwanza ni mkono wenyewe, pale shafti yake inapoingia kwenye nyumba ya gavana, sehemu ya pampu inayodhibiti mzunguko wa injini. Ikikauka au bushi ikiliwa, mkono unakuwa mzito. Wa pili ni kebo ndogo ya kitufe cha dashibodi, kile cha kupandishia sailensa asubuhi ya baridi au unapoendesha mashine ya kunyanyulia bodi. Wengi wanakisahau kwa sababu hawakitumii, lakini Lushoto kunapoza mwezi wa Juni na Julai, na madereva wa huko wanakitumia kweli. Wa tatu ni kebo kuu inayotoka kwenye pedeli.

Mkono nilianza nao kwa sababu ndio ulioshtakiwa. Nikachomoa kebo zote mbili, nikausukuma mkono hadi mwisho kwa kidole na kuuachia. Ulirudi kwa kishindo. Nikaiwasha injini, nikaiacha ipate moto kamili, nikarudia: mkono ukishuka, injini ikishuka nao bila kuchelewa. Pampu ikiwa na gavana inayonata, au rodi ya ndani inayogoma, ungeuona mkono umerudi huku injini ikisuasua kufuata. Haikuwa hivyo. Pampu ilikuwa nzima. Jaribio hilo linachukua muda mfupi na halihitaji kifaa chochote; kabla hujamwambia mtu ashushe pampu, lifanye.

Hapo ndipo nililitazama vizuri lile springi nene. Kiwandani mkono wa mafuta haurudishwi na springi moja tu, na kuna sababu. Kanuni ya usalama wa magari ya Marekani namba 124, iliyoanza kutumika mwaka 1973, inadai kuwepo angalau nguvu mbili za kurudisha mafuta, na kila moja iweze kazi hiyo peke yake, ili springi moja ikikatika nyingine iokoe. Kanuni hiyohiyo inadai lori la uzito wa zaidi ya kilo 4,536 lirudi sailensa ndani ya sekunde 2 baada ya mguu kunyanyuliwa. Gari letu halikutengenezwa kwa soko hilo, lakini mimi natumia kipimo hicho kwa lori lolote: ukiona sekunde mbili zimepita, gari halijapona. Sasa, aliyeweka springi nene aliziondoa zote mbili za mwanzo na kuweka hiyo moja. Akaongeza nguvu, akaondoa akiba. Na nguvu yenyewe ina gharama, kwa sababu kila springi inavyozidi kukaza ndivyo kebo inavyovutwa kwa nguvu zaidi, ikisugua ganda lake kila inapopinda. Kebo iliyokuwa imeanza kuumia ilimaliziwa na ile tiba.

Kebo ya dashibodi niliiacha imechomolewa, gari likarudi kazini hivyo kwa safari fupi na mzigo mdogo, huku dereva akiwa ameelekezwa la kufanya (nitalieleza chini). Tatizo likatokea. Kebo hiyo nayo ikatoka kwenye kesi.

Ikabaki kebo kuu, na hapa ndipo kisa kinapopata ladha yake. Kila fundi aliyeiangalia aliikuta nzima. Mimi pia nililaza kabini, nikavuta waya wa ndani kwa vidole, ukateleza bila kukwama. Lakini fikiri kidogo kuhusu gari la aina hii. Kabini imekaa juu ya injini. Pedeli iko kwenye kabini, pampu iko kwenye injini, na kebo inaunganisha vitu viwili ambavyo havijafungwa pamoja. Ukilaza kabini mbele, upande mmoja wa kebo unaondoka na kabini, upande mwingine unabaki. Mikunjo yote inabadilika. Pale palipokuwa na kona kali panakuwa na mstari ulionyooka. Mafundi walikuwa wanainyoosha kebo ili waiangalie, kisha wanashangaa kuikuta imenyooka. Tena walifanya hivyo injini ikiwa imepoa, bila mzigo, gari limesimama. Walilitazama gari likiwa katika hali ambayo halijawahi kufanyia kazi hata siku moja.

Kwa hiyo tukaliangalia likiwa katika hali yake: kabini imeshuka na kufungwa, injini ina moto, na ina mzigo.

Kwanza niliweka alama za rangi nyeupe kwenye waya wa ndani, moja upande wa pedeli na moja upande wa pampu, mahali unapotoka kwenye ganda injini ikiwa sailensa. Dereva akapanda kilima kirefu, akafika juu, mafuta yakang'ang'ania. Akaegesha mahali tambarare, akazima bila kuigonga pedeli, utingo akaweka vigogo kwenye magurudumu. Upande wa pedeli waya ulikuwa umelegea. Upande wa pampu alama nyeupe ilikuwa bado imezama ndani ya ganda, haijarudi mahali pake. Waya umerudi nusu: mwanzo wake uko huru, mwisho wake umenaswa. Kilichounasa kilikuwa katikati ya ganda.

Kisha nikataka kuona ganda linafanya nini injini inapobeba mzigo. Kulala chini ya gari linaloendeshwa ni kujitakia kifo, na hakuna haja. Niliifunga simu kwenye fremu kwa vipande vya mpira wa tyubu, ikitazama eneo kati ya injini na kabini, tochi pembeni yake. Vigogo mbele na nyuma ya magurudumu, breki ya mkono, mguu kwenye breki, gia namba tatu. Dereva akaachia klachi taratibu mpaka injini ikaanza kuhisi mzigo, kisha akaikanyaga tena. Hakuna aliyesimama mbele ya gari.

Picha ile ilimaliza ubishi wote. Injini iliinama upande mmoja kwa kiasi ambacho hakuna injini inapaswa kuinama. Mauntingi moja, kile kikalio cha mpira na chuma kinachoishikilia injini kwenye fremu, ilikuwa imekufa, mpira wake umeachana na chuma. Injini ilipoinama ilikuja na bomba lake la ekzosti, na kebo, iliyokuwa imeshuka kutoka mahali pake, ikabanwa kati ya bomba na ukingo wa kabini. Kishikizo kinachotakiwa kuishikilia kebo mbali na ekzosti hakikuwepo. Tundu la bolti yake lilikuwa wazi, limejaa udongo mwekundu. Injini hii iliwahi kufunguliwa na kufanyiwa matengenezo makubwa. Kwa vyovyote kishikizo kiliondolewa wakati fulani, kikaonekana kitu kidogo, hakikurudishwa.

Tulipoitoa kebo na kulipasua ganda kwa wembe, kila kitu kilijieleza. Mrija wa plastiki ulio ndani ulikuwa umeyeyuka na kuvimba pale ulipogusana na joto. Hapohapo nyuzi kadhaa za waya zilikuwa zimekatika, ncha zake zimelala zote kuelekea upande mmoja, mithili ya ndoano. Ukivuta kuelekea kwenye pedeli zinalala na kupita. Ukiachia, zinasimama na kuchoma plastiki laini iliyopata moto. Injini ikipoa, plastiki inakuwa ngumu, ncha hazipati pa kushika, na kebo inateleza vizuri mbele ya fundi. Ndiyo maana lilikuwa tatizo la kileleni: ni huko ambapo joto la juu kabisa, injini iliyoinama na waya uliovutwa hadi mwisho hukutana. Na ile pedeli aliyokuwa akiigonga dereva ilikuwa inazichomoa ndoano zile kwa kuzivuta kidogo kwanza.

Ndani ya ganda kulikuwa pia na grisi nzito iliyochanganyika na vumbi la barabara ya Lukozi, imekuwa kama tope. Mtu aliwahi kujaribu kusaidia. Kebo yenye mrija wa plastiki haihitaji grisi ya namna hiyo. Inahitaji mipira ya ncha zake iwe mizima ili vumbi lisiingie. Ikiwa nzito, ibadilishwe.

Matengenezo yenyewe si hadithi ndefu, ila kuna mambo ambayo yakipuuzwa tatizo litarudi. Mauntingi tulibadilisha pande zote mbili, kwa sababu mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili zinaiacha injini imekaa kombo. Kebo mpya tuliipima kwa kuipitisha gari likiwa na kabini chini, kisha tukalaza kabini polepole huku mtu akiitazama: ikiwa fupi, siku ya kwanza utakayolaza kabini itakatika au itachomoa ncha yake; ikiwa ndefu sana, itaning'inia na kutafuta joto. Kebo za Canter za matoleo tofauti zinafanana dukani, urefu wake haufanani. Nenda na ya zamani mkononi. Kishikizo tulikitengeneza kwa chuma bapa, tukakivisha mpira, tukakifunga kwenye tundu lilelile la kiwandani. Kebo sasa iko zaidi ya shibiri kutoka kwenye ekzosti, na katikati yake tumeweka bati la kukinga joto.

Springi mbili za kipimo cha awali zikarudi mahali pake. Kisha marekebisho ya urefu, ambayo mafundi wengi huyafanya kwa haraka mno. Sailensa ishikwe na skrubu yake kwenye pampu, isishikwe na kebo. Mguu ukiwa juu, kebo iwe na ulegevu wa milimita chache. Upande wa pili, pedeli ikifika mwisho, iguse bolti yake ya sakafuni wakati uleule mkono wa pampu unapofika mwisho. Pedeli ikiwa bado ina nafasi wakati mkono umeshafika, dereva anayekandamiza mlimani anaivuta kebo kwa uzito wa mwili wake wote, kila siku. Kwenye gari hili bolti ya sakafuni ilikuwa imezungushwa chini kabisa, huenda na mtu aliyedhani ataongeza nguvu. Hilo nalo lilichangia kukata nyuzi.

Tulipima tena kwa simu ileile mahali palepale: injini ilitikisika kidogo tu, kebo haikusogea. Baada ya hapo gari lilipanda likiwa na mzigo kamili, na kila kileleni dereva alinyanyua mguu na kuhesabu. Injini ilishuka kabla hajafika sekunde ya pili.

Kuhusu yale niliyomwelekeza dereva kabla hatujapata jibu. Mafuta yakinasa ukiwa unatembea, usiangalie chini na usiinamie pedeli. Kanyaga breki kwa nguvu moja, isiyopampu. Canter hii inapata vakyumu ya breki, yaani mvuto wa hewa unaosaidia mguu kukanyaga, kutoka kwenye pampu ndogo iliyo kwenye oltaneta, kwa hiyo injini ikisimama kabisa akiba iliyobaki inatosha kukanyaga mara chache tu. Geuza ufunguo urudi kwenye alama ya ACC, usiuchomoe, kwa sababu ukiuchomoa usukani unaweza kujifunga. Na liache gari kwenye gia, klachi iwe juu. Dizeli imekatwa lakini magurudumu yanaendelea kuizungusha injini. Sasa inazuia badala ya kusukuma, huku oltaneta ikizunguka na usukani ukibaki mwepesi. Ukikanyaga klachi au kuweka nyutro kabla ya kuzima, utainusuru gari na msukumo ule, lakini ukishazima utakuwa huna injini ya kuzuia, na kwenye mteremko wa Soni hiyo ni hasara kubwa. Klachi ikanyagwe mwishoni, gari linapokaribia kusimama. Kisha kigogo.

Mama yule ana Canter nyingine, ya umri uleule, na haikuwa na malalamiko yoyote. Nilimwomba ailete. Kabini ikiwa chini, tochi ikaonyesha tundu lilelile la bolti likiwa wazi, kebo imelala karibu na ekzosti, ganda limeanza kubabuka. Mauntingi zake zilikuwa bado nzima, basi injini ilikuwa haijawahi kuinama kiasi cha kuibana. Tuliiwekea kebo mpya na kishikizo mchana uleule, na jioni ikapakia.